Hedifoni zenye besi ya kushiba

Kabla hujatoa hela kununua hedifoni mpya kwa sababu za zamani "hazina besi", zifanyie jaribio moja. Fungulia wimbo wenye mdundo mzito, kisha, kama ni iafoni, zile ndogo za kuingia sikioni, zisukume ndani taratibu kwa ncha za vidole. Kama ni zile kubwa za kufunika sikio, zibane kwa viganja viwili. Besi ikipanda papo hapo, hedifoni zako si mbovu. Zinavuja. Na usipojua zinavujia wapi, mpya utakazonunua kwa bei mara tano nazo zitavuja.

Hili ndilo jambo ninalotamani kila muuzaji amweleze mteja kabla ya kutaja bei, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Spika ya ukumbini hutoa besi kwa kusukuma hewa ya ukumbi mzima. Wimbi la sauti ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita nane na nusu hivi, na kadiri sauti inavyoshuka ndivyo kiwambo cha spika, ule utando unaotetemeka, kinavyolazimika kusogea mbali zaidi. Ukishuka oktava moja, tuseme kutoka hezi 80 hadi 40, kiwambo kinatakiwa kisogee mara nne ya mwanzo ili nguvu ya sauti ibaki ileile. Ndiyo maana spika ya simu haina besi kabisa: haina pa kusogea.

Iafoni inafanya kazi nyingine. Inabana na kuachia hewa kidogo iliyofungiwa kati ya kiwambo chake na ngoma ya sikio lako. Chumba hicho kikiwa kimezibwa, kiwambo kikienda mbele shinikizo linapanda, kikirudi nyuma linashuka, na umbali uleule unatosha kwa hezi 100 na kwa hezi 20. Hivyo kidude chenye kiwambo cha milimita 10 kinaweza kutoa sauti ya chini ambayo spika nyingi za sebuleni hazifiki. Lakini pakiwa na upenyo, hewa inapata pa kutorokea. Sauti za juu hazidhuriki, maana kiwambo kinakwenda na kurudi upesi mno, hewa haiwahi kutoka. Sauti za chini ni za polepole, na hapo hewa inawahi. Kwa hiyo upenyo hauli muziki wote. Unakula besi peke yake, unaacha sauti ya mwimbaji na matoazi vilivyo, nawe unabaki kusema hedifoni hizi ni kavu na kali.

Kwenye boksi la iafoni huwa kuna jozi tatu za vipira: vidogo, vya kati na vikubwa. Vya kati ndivyo vilivyovalishwa kiwandani, na watu wengi hawavibadilishi mpaka iafoni zinakufa. Anza na vikubwa. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, shika sikio la kulia kwa juu, livute juu na nyuma kidogo ili mfereji wake unyooke, ingiza iafoni ukiizungusha, kisha achia. Funga mdomo, ugune. Mguno ukivuma kama uko ndani ya pipa, umeziba vizuri. Ukiusikia kama kawaida, kuna upenyo. Fanya hivyo kwa kila sikio peke yake, kwa sababu si ajabu sikio moja likataka kikubwa na jingine cha kati. Kipira kikubwa kupita kiasi nacho kinavuja, kwani kinajikunja ndani ya sikio na kuacha mfereji mwembamba kwenye mkunjo. Kikileta maumivu baada ya dakika kumi, shuka saizi moja.

Kama vipira vya raba vinakataa vyote, tafuta vya sponji. Hivi unavifinya kwa vidole viwe vyembamba, unaingiza, unashikilia nusu dakika hivi mpaka vitanuke na kujaza nafasi. Vinaziba kuliko raba, vinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu, na kwa joto la pwani vinachoka baada ya miezi michache kwa jasho na nta. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hedifoni mpya, na kwa mtu mwenye kiu ya besi sijui ununuzi mwingine wenye faida kubwa kama huu. Simu za iPhone zina kipimo chao kwa AirPods Pro: kinapiga muziki mfupi na kukuambia kila upande kama kipira kimekaa. Tofautisha AirPods Pro na zile AirPods za plastiki tupu zisizo na kipira. Zile za plastiki huning'inia tu mlangoni mwa sikio, na besi yake inategemea umbo la sikio lako. Mwingine atazisifu, wewe usisikie kitu, na wote wawili mtakuwa mnasema kweli. Kwa ajili ya besi, usinunue iafoni isiyo na kipira bila kuivaa kwanza.

Hedifoni za kufunika sikio nazo zina mianya yake. Mikono ya miwani inainua mto laini wa hedifoni unaozunguka sikio na kuacha ufa juu ya sikio. Misuko minene inafanya vivyo hivyo nyuma ya sikio. Hijabu au kilemba kikipita chini ya mto, kitambaa chenyewe kinapitisha hewa. Kama unavaa hijabu siku nzima, ushauri wangu ni iafoni zenye vipira: zinakaa chini ya kitambaa, zinaziba, na hazipandishi joto. Kama unavaa miwani, chagua mito minene na laini yenye sponji inayoingia polepole ukiibonyeza na kurudi polepole, na ujaribu hedifoni ukiwa umevaa miwani hiyohiyo.

Besi ipi unayoitaka

Watu wawili wanaweza wote kusema wanapenda besi huku wakimaanisha vitu tofauti, na hapa ndipo hela nyingi hupotea.

Kati ya hezi 20 na 60 kuna besi ya chini kabisa, ile unayoihisi kama mtetemo kuliko kuisikia. Logidramu, ule mlio wa besi wa amapiano, inapoteleza kushuka chini inaingia eneo hili, na vilevile besi za kompyuta zilizojaa kwenye Bongo Fleva ya leo. Kati ya hezi 60 na 150 kuna pigo: dramu ya mguu, ngumi ya kila mdundo, kile watu wanachokiita "kugonga". Kuanzia hapo hadi kama hezi 300 kuna joto la muziki na mwili wa sauti ya kiume, kwa kuwa mwanamume mzima huongea kwa msingi wa kama hezi 85 hadi 155. Eneo hili likizidi, hupati besi zaidi. Unapata ukungu: mwimbaji anasikika kama amefunikwa blanketi, na gitaa la kati linazama.

Hedifoni nyingi za bei rahisi zinazoandikwa "besi kubwa" kwenye boksi huinua eneo la hezi 100 hadi 250, kwa sababu ni rahisi kuliinua na mteja dukani anasikia tofauti sekunde ile ile. Nyumbani, baada ya nusu saa, kichwa kimechoka. Besi inayoshibisha kwa miezi na miaka ni ile inayoinuka chini ya hezi 100 na kurudi chini kabla ya kufika kwenye sauti za watu.

Chukua gitaa la besi. Waya wake mnene kabisa, ukifungwa kwa mpangilio wa kawaida, unatoa hezi 41, sawa na besi kubwa ya kusimama inayopigwa kwenye taarab ya Unguja, kwa mfano katika Culture Musical Club. Katika dansi na rumba gitaa hilo halipigi mdundo tu, linaimba, linajibizana na gitaa la solo. Hedifoni zenye ukungu zinaligeuza kuwa mvumo mmoja mrefu ambao huwezi kutofautisha noti ya kwanza na ya tatu. Kwa msikilizaji wa dansi hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa besi yenyewe.

Singeli inadai jambo jingine. Ikipigwa kwa mapigo 240 kwa dakika, kila pigo lina robo sekunde tu kabla ya linalofuata, na nyimbo nyingine zinakwenda kasi zaidi. Besi inayochelewa kunyamaza inaliingilia pigo jirani na muziki unakuwa uji. Kwa singeli tafuta pigo kavu lenye mwisho, hata kama mtetemo wa chini kabisa ni mdogo. Kwa amapiano, reggae na dub ni kinyume: hapo kina cha hezi 40 ndicho kila kitu.

Kwa nini unaongeza sauti

Sikio la binadamu halisikii besi kwa usawa. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hili na kulichapisha mwaka 1933, na vipimo vya kimataifa vya sasa vinasema hivi: sauti ya hezi 1000 yenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 40, ambayo ni ndogo tu, inahitaji mwenzake wa hezi 40 afike kama desibeli 82 ili viwili hivyo visikike sawa. Pengo ni zaidi ya desibeli 40. Ukipandisha sauti ya hezi 1000 hadi desibeli 80, pengo linapungua hadi kama 25. Kwa maneno mengine, muziki uleule, hedifoni zilezile, ukiongeza sauti besi inakua kuliko vitu vingine.

Ndiyo maana mtu mwenye hedifoni nyembamba anapandisha sauti hadi mwisho. Hatafuti kelele, anatafuta besi. Na ndiyo sababu mimi nazijali sana hedifoni zenye besi iliyoinuliwa kwa ustadi: zinakuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini ukiwa umeshiba. Shirika la Afya Duniani linatoa kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu. Desibeli 89 zinakuachia saa tano kwa wiki. Kwa mwanafunzi anayesikiliza tangu asubuhi, hizo zinaisha Jumanne.

Ni kiasi gani cha besi basi? Kuanzia miaka ya 2012 na 2013, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walichapisha mfululizo wa tafiti ambamo wasikilizaji walilinganisha milio ya hedifoni bila kujua chapa. Mlio uliopendwa na wengi ulikuwa na besi iliyoinuliwa kwa desibeli 4 hadi 6 hivi chini ya hezi 100. Baadaye waliwagawa wasikilizaji: karibu asilimia 64 waliridhika na mlio huo, 15 walitaka besi zaidi, na 21 walitaka pungufu. Kwa hiyo kama unapenda besi nyingi kuliko marafiki zako, uko kwenye kundi linalojulikana. Anza na hedifoni zinazokaribia mlio wa Harman, kisha ongeza kwenye simu. Kuanza na zenye ukungu na kujaribu kuusafisha ni kazi ngumu zaidi.

Yaliyoandikwa kwenye boksi

"Hezi 20 hadi 20,000" haikuambii lolote. Hata hedifoni za barabarani zinatoa hezi 20. Swali ni zinaitoa kwa nguvu gani ukilinganisha na hezi 1000, na hilo boksi haliandiki. Ukubwa wa kiwambo nao si ushahidi: milimita 40 za kampuni moja zinaweza kuzidiwa na 32 za nyingine, kwa kuwa kinachoamua ni sumaku, ulaini wa kiwambo, matundu ya hewa na mto. Namba mbili zina maana kidogo. Ya kwanza ni omu, yaani ukinzani wa umeme: kwa simu, kati ya 16 na 40 ni salama. Ya pili ni desibeli kwa miliwati, yaani sauti unayopata kwa umeme kidogo: zaidi ya 100 kwa iafoni inatosha. Hedifoni za DT 770 Pro za Beyerdynamic zinauzwa kwa omu 32, 80 na 250. Mtu akinunua zile za 250 na kuzichomeka kwenye simu, atapata sauti ndogo iliyochoka na atazilaumu bure, kumbe alihitaji amplifaya.

Bora kuliko boksi ni grafu. Tovuti ya squig.link na ile ya RTINGS zinaonyesha vipimo vya hedifoni nyingi. Unachotafuta ni mstari ulioinuka upande wa kushoto kabisa, kwenye sauti za chini, unaoshuka na kufika kwenye usawa karibu na hezi 200. Mstari ulioinuka kama kilima kati ya 100 na 300 huku ukianguka chini ya 50 ndio ule ukungu niliousema.

Hedifoni zilizofungwa nyuma ndizo za besi, na zilizo wazi nyuma kwa kawaida huachia besi ya chini ipotee. Sennheiser HD 600 ni hedifoni nzuri mno kwa sauti za watu, lakini mpenda amapiano atazirudisha dukani. Koss Porta Pro, zinazotengenezwa tangu 1984, zina pigo tamu la kati ingawa ziko wazi, ila kina cha hezi 30 hakipo na jirani kwenye basi anasikia wimbo wako.

Kwa bajeti ndogo, msimamo wangu ni iafoni za waya. Bei ya dola 20 hivi za Marekani kwenye iafoni za Bluetooth inagawanywa kati ya betri, redio, maikrofoni na kesi ya chaji. Kwenye iafoni ya waya inaingia kwenye mlio. Moondrop Chu II na 7Hz Zero 2 ziko kwenye bei hizo, na Zero 2 ndiyo ninayompa mpenda besi, kwa sababu imeinuliwa chini pale panapostahili. Simu yako ikiwa haina tundu la pini ya 3.5, nunua adapta ya USB-C yenye chipu ya sauti ndani yake. Zipo adapta za bei ya chini zisizo na chipu, na hizo zinafanya kazi kwenye simu chache tu. Ukichomeka na simu ikakaa kimya, tatizo kwa kawaida ni hilo.

Ukitaka kubwa za waya, Audio-Technica ATH-M50x zenye kiwambo cha milimita 45 na omu 38 zinaendeshwa na simu bila shida na pigo lake lina umbo. DT 770 Pro za omu 80 zina kina zaidi na mito ya kitambaa inayostahimilika kwenye joto. Kwa Bluetooth, Sony WH-CH720N ni nyepesi, gramu 192, zinafaa kuvaliwa siku nzima, na besi yake ni ya wastani inayokubali kuongezwa. Sony ULT Wear za mwaka 2024 zina kitufe cha besi chenye ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ndiyo ya kuishi nayo, ya pili inameza waimbaji. Soundcore za Anker zina besi nyingi kwa bei ya kati, na ninazipendekeza kwa sharti moja: ufungue programu yake ya simu upunguze lile eneo la ukungu, maana zikitoka kiwandani nyingi zimejaa kupita kiasi. Skullcandy Crusher ni kitu cha aina yake. Zina mtambo wa kutetemesha mito ili uhisi besi shavuni, na unaurekebisha kwa kitelezi. Kwa filamu na dub inafurahisha. Kwa gitaa la besi la rumba mtetemo huo unafuta noti.

Siku ya kununua

Kariakoo, Luthuli Avenue au popote, nenda na simu yako, nyimbo zikiwa zimepakuliwa, ikwalaiza (kirekebisha mlio cha simu) imezimwa, na vipira vyako mwenyewe mfukoni kwa ajili ya usafi. "Kaka, naomba nijaribu na simu yangu" ni ombi la kawaida, na muuzaji anayekataa kata kata anakupa sababu ya kwenda duka la jirani. Chukua nyimbo tatu unazozijua kwa moyo: ya dansi au rumba yenye besi inayotembea, ya amapiano, na moja ya sauti na ala chache. Kwenye ya kwanza fuata noti za besi peke yake: unaweza kuziimba? Kwenye ya pili sikiliza kama logidramu inashuka hadi chini au inaishia katikati. Kwenye ya tatu sikiliza kama mwimbaji wa kiume amevimba kifua.

Punguza sauti. Ukilinganisha jozi mbili, ile inayopiga kwa sauti kubwa zaidi itaonekana daima kuwa na besi nzuri zaidi, kwa sababu ile ya Fletcher na Munson. Zisawazishe kwa sauti ya mwimbaji kwanza, ndipo uhukumu besi.

Bandia zimejaa, hasa za Beats, JBL, Sony na AirPods. Njia ya uhakika kuliko kukagua boksi ni programu ya kampuni: iweke kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na dukani iunganishe na hedifoni. Modeli inayotumia programu hiyo, kama ni halali, itatambuliwa kwa jina na kuonyesha toleo la mfumo wake wa ndani. Bandia huunganika na Bluetooth vizuri tu, lakini programu haiioni. Kwa AirPods, angalia namba ya utambulisho (serial number) kwenye tovuti ya Apple, ukijua kwamba namba halisi hunakiliwa pia, kwa hiyo hicho ni kipimo kimoja tu.

Kuongeza besi kwenye simu

Ikwalaiza ya kawaida ya Android ina vitelezi vitano: vya hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Pandisha 60 kwa desibeli 4 au 5, shusha 230 kwa 2, vingine acha sifuri. Kule kushusha 230 ndiko kunakofanya besi isikike safi, na wengi huiruka hatua hiyo. Kwenye Spotify vitelezi ni sita, na vya kwanza ni 60, 150 na 400: pandisha 60 kwa kiasi, 150 kidogo sana, shusha 400 kidogo. Programu ya Wavelet kwa Android ina marekebisho tayari kwa maelfu ya modeli za hedifoni. Chagua yako, kisha ongeza besi juu yake.

Besi ikianza kukwaruza pale pigo linapotua, sababu ni hii. Nyimbo za leo zimerekodiwa zikiwa tayari zimegusa kikomo cha juu cha kidijitali. Ukiongeza desibeli 5 hakuna nafasi, na vilele vinakatwa. Dawa ni kushusha sauti ya jumla ndani ya ikwalaiza kwa kiasi kilekile ulichoongeza: umepandisha 5, shusha 5, kisha ongeza sauti kwa kitufe cha simu. Kama ikwalaiza yako haina kitelezi hicho, fanya kinyume: acha 60 ilivyo, shusha vingine vyote. Kuna kukwaruza kwingine kunakotokana na kiwambo chenyewe, kwa kuwa desibeli 6 za nyongeza zinadai kiwambo kisogee mara mbili na nguvu mara nne. Iafoni ndogo za Bluetooth zinafikia kikomo hicho mapema, na baadhi hujipunguzia besi zenyewe sauti inapokuwa juu. Ukiona besi inapungua kadiri unavyopandisha, si masikio yako.

Usiwashe vitu viwili kwa pamoja, yaani kitufe cha besi cha hedifoni na ikwalaiza ya simu. Chagua kimoja.

Kwenye daladala au matatu, injini inanguruma katika eneo lilelile la besi na kuifunika. Hapo teknolojia ya kuzima kelele inastahili bei yake, maana inafanya kazi vizuri zaidi chini ya hezi 1000, hasa kwenye mngurumo. Vipira vyenye kuziba vinasaidia juu ya hapo. Upepo wa bodaboda unaichanganya, kwa sababu maikrofoni zake zinausikia kama mvumo, na isitoshe barabarani masikio yako yana kazi nyingine.

Besi ikipotea ghafla

Sauti ya mwimbaji na besi vikitoweka pamoja, ukabaki na mwangwi na ala za pembeni, pini haijaingia hadi mwisho au waya wa pamoja umekatika karibu na pini. Besi na mwimbaji huwekwa katikati ya rekodi, sawa kushoto na kulia, na waya huo ukikatika unachosikia ni tofauti ya pande mbili tu. Sukuma pini, ondoa kava nene la simu linaloizuia, zungusha waya. Ikirudi ukiupinda, fundi anaweza kubadilisha pini.

Sauti ikiwa nyembamba na ya simu ya mezani kwenye kompyuta, Bluetooth imehamia hali ya maongezi kwa kuwa programu fulani imewasha maikrofoni. Funga programu hiyo au chagua maikrofoni ya kompyuta.

Upande mmoja ukipungua, tazama wavu wa iafoni. Nta imeziba. Elekeza tundu chini, sugua kwa mswaki laini mkavu ili uchafu uanguke nje, na usipulize wala kuloweka. Tazama pia kitundu kidogo cha hewa kwenye mwili wa iafoni. Jasho na vumbi vikikiziba, besi inabadilika: kwa kawaida cha mbele kikizibwa inavimba, cha nyuma kikizibwa inakauka.

Na mito ya ngozi bandia ikianza kumenyuka, usingoje iishe. Ngozi iliyopasuka inapitisha hewa, na sponji iliyolala inasogeza kiwambo karibu na sikio. Nunua mito ya modeli yako yenyewe, unene uleule na ngozi ileile. Ya kitambaa ni baridi zaidi, lakini hedifoni iliyotengenezwa kwa mito ya ngozi itapoteza besi ukiivalisha kitambaa. Ukibadilisha, rudia lile jaribio la viganja: ukibana na besi isipande tena, mito imekaa.